Kabla Mbingu Hazijawa: shajara ya kutafsiri mwanzo wa dunia wa Wamisri wa kale

Januari 9

Naanza kuandika shajara hii kwa sababu maamuzi ninayoyafanya leo nayasahau kesho kutwa, kisha nabishana upya na neno nililokwisha kulimaliza. Mradi wenyewe ni huu: kuchukua maandishi ya Wamisri wa kale yanayosimulia dunia ilivyoanza, kuyatafsiri kwa Kiswahili moja kwa moja kutoka kwenye hieroglifi, maandishi yao ya picha, bila kupitia lugha ya tatu, na kuyatoa kwenye kijitabu ambacho kijana wa kidato cha pili na mzee wa barazani wote watakisoma bila kuhitaji mfafanuzi. Nimejifunza lugha yao kwa miaka 6, jioni baada ya kazi.

Kosa la kwanza nimeshalifanya na kulifuta. Rasimu ya Desemba ilikuwa hadithi moja ndefu iliyowafunga pamoja miungu wa miji mbalimbali, Atum wa mji wa Iunu, Ptah wa Memphis, wale wanane wa Khemenu na Khnum wa Esna, kana kwamba ni sura za kitabu kimoja. Ilisomeka vizuri, lakini haikuwa kweli. Wamisri hawakuwa na kitabu kimoja cha mwanzo. Walichotuachia ni vipande: kwenye kuta za piramidi, ndani ya majeneza, kwenye mafunjo, juu ya nguzo za mahekalu, kwa kipindi kinachozidi miaka 2,000. Kila mji ulimpa mungu wake nafasi ya kwanza, na makuhani wa mji mmoja hawakuona haja ya kuwakanusha wa mji wa pili. Nikiviunganisha vipande hivyo nitakuwa nimetunga dini ambayo hakuna Mmisri aliyeifuata.

Basi kijitabu kitakuwa na vipande vinane, kila kimoja na mji wake na zama zake, na hakuna gundi kati yao.

Januari 21

Wiki mbili kwenye sentensi moja, na sijuti hata siku.

Ni tamko la 571 katika Maandishi ya Piramidi, lililochongwa ndani ya piramidi ya mfalme Pepi wa Kwanza huko Saqqara, yapata mwaka 2300 KK. Linasema mfalme alizaliwa na baba yake Atum wakati ambapo hakukuwa na kitu, kisha linavitaja vitu hivyo ambavyo havikuwapo, kimoja baada ya kingine. Katika tafsiri za Kizungu nilizokuwa nikizisoma, kila mstari unaanza na neno la "kabla": kabla ya kuwapo mbingu, kabla ya kuwapo dunia. Nikaandika hivyohivyo. Ikawa kama tangazo la mkutano.

Kisha nikarudi kwenye hieroglifi zenyewe. Hakuna neno la "kabla" pale. Kuna kitenzi katika umbo ambalo wanasarufi huliita n sedjemtef, kwa kutumia kitenzi cha kusikia kama mfano. Vitabu vya sarufi hutumia aya nzima kueleza umbo hili: tendo ambalo halijatokea, lakini linatazamiwa kutokea. Nimeisoma aya hiyo mara nyingi kwa miaka yote hii, na ni juzi tu nilipojiuliza: kwani sisi tunasemaje? Tunasema *hajasikia*. Silabi moja, *ja*, inabeba aya nzima. Asiyesikia ni mmoja, na ambaye hajasikia ni mwingine. Mtoto wa miaka mitatu anaijua tofauti hiyo.

Nikaandika upya:

*Mbingu hazijawa,*
*nchi haijawa,*
*watu hawajawa,*
*miungu hawajazaliwa,*
*mauti hayajawa.*

Nimeisoma kwa sauti jikoni usiku na mwili ukanisisimka. Kuhani wa miaka 4,300 iliyopita na mimi tumekutana kwenye silabi. Maneno haya hayasemi kwamba hapo mwanzo palikuwa na utupu. Yanasema kila kitu kilikuwa njiani. Hata mauti! Mauti nayo yalikuwa bado, yakitazamiwa, kama mgeni aliyetuma salamu kwamba anakuja.

Kuhusu "miungu hawajazaliwa": msomaji wangu wa kwanza, dada yangu, anataka "miungu haijazaliwa". Nimekataa. Wanaozaliwa ni wenye uhai, wapewe *wa*.

Februari 2

Leo Kunduchi, kwa Mjomba. Nimekuwa nikitafuta neno la kile kilichoinuka majini.

Wamisri walisema mwanzoni kulikuwa na Nun, maji yasiyo na ufuko wala juu wala chini, yamelala gizani. Nimemwita *Kilindi*, na neno limetulia mahali pake tangu siku ya kwanza. Katika Kilindi pakainuka mahali pa kwanza pakavu, na Atum akasimama hapo. Kule Iunu, mji ambao Wagiriki waliuita Heliopolis na ambao leo umemezwa na vitongoji vya Cairo, mahali hapo palikuwa na alama yake hekaluni: jiwe liitwalo benben. Juu yake hutua ndege benu, ambaye michoro humwonyesha kama korongo.

"Kilima" hakinitoshi, kwa kuwa kilima kipo siku zote. "Kisiwa" kadhalika. Nilichotaka ni kitu ambacho saa moja iliyopita hakikuwapo.

Nikamweleza Mjomba, baada ya shikamoo na chai. Amevua samaki maisha yake yote. Akasema, "Mwanangu, si fungu hilo?" Akanyosha mkono kuelekea Fungu Yasini. "Maji yakipwa linatoka. Na likitoka tu, kabla hujaliona mgongo wake vizuri, utamwona ndege amesimama. Unadhani amesimama juu ya maji."

Sikuwa nimemwambia habari za korongo. Niliweka kikombe chini.

Ni *fungu*, basi. Nimejadiliana na nafsi yangu njia nzima ndani ya daladala: fungu letu ni la mchanga na hutoka kwa kupwa kwa bahari, kila siku, la Misri lilikuwa la tope na lilitoka mara moja kwa mwaka. Mto Nile ulikuwa ukianza kufurika kiangazi cha huko, ukafika kilele yapata Septemba, kisha ukarudi nyuma na kuacha ardhi nyeusi ikitokeza migongo migongo, tayari kwa mbegu. Msimu uliofuata mafuriko uliitwa Peret, na jina hilo linatokana na kitenzi cha kutoka. Yaani msimu wa Kutoka. Mkulima wa Misri aliuona mwanzo wa dunia kila mwaka kutoka mlangoni kwake, mpaka Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970 na mafuriko yakakoma.

(Hapa nasahihisha maelezo ya rasimu ya zamani. Niliandika kwa fahari kwamba maji hayo ya uumbaji yalitoka Ziwa Victoria kwetu. Maji ya ziwa hufika Misri, ndiyo, lakini sehemu kubwa hupotea kwa mvuke katika vinamasi vya Sudd huko Sudan Kusini. Mafuriko yenyewe na tope lake yaliletwa na mvua za milima ya Ethiopia, kupitia Nile ya Buluu na Atbara. Fahari ya uongo haimsaidii msomaji.)

Jambo moja zaidi kabla sijalala. Tangu utotoni tunaanza ngano kwa "Paukwa!" na watoto wanajibu "Pakawa!" Leo ndipo nimeisikia *pakawa* kwa masikio mengine. *Pa* ni mahali. *Ka* ni kisha. *Wa* ni kuwa. Kisha mahali pakawa. Sina madai yoyote kwamba ngano zetu zimetoka kwa Wamisri. Ninachosema ni kwamba msomaji wangu ameshaandaliwa. Kila mtoto aliyewahi kujibu "Pakawa!" amekwisha kuliona fungu likitoka majini.

Februari 10

Atum yuko peke yake juu ya fungu. Anawezaje kupata watoto?

Tamko la 600 linasema alimtoa Shu na Tefnut, hewa na mwenziwe, kwa kupiga chafya na kutema, na vitenzi vya Kimisri vinaigiza majina: *ishesh* kwa Shu, *tef* kwa Tefnut. Kwao kufanana kwa sauti hakukuwa mchezo. Jina na kitu vilikuwa na shina moja, na aliyeyatamka alikuwa anaonyesha undugu wao. Kwa hiyo tafsiri isiyo na mwangwi imepoteza hoja.

Tefnut amekuwa rahisi, maana kutema mate kwetu ni *tfu!* Shu amenisumbua siku nne. Mwishoni: *Ulishusha pumzi, akawa Shu; ulitema tfu, akawa Tefnut.* Nimeiacha chafya ili nipate *shusha*. Kwa mungu wa hewa, kushusha pumzi hakuko mbali, na mstari wa chini utamwambia msomaji kilichoandikwa hasa.

Tamko la 527 lina njia nyingine: Atum alitumia mkono wake mwenyewe, na maandishi yanalitaja jambo hilo waziwazi. Dada anasema niliondoe, kwani vijana watasoma. Nimelibakiza kwa lugha ya staha: *aliitoa mbegu yake kwa mkono wake mwenyewe.* Wamisri hawakuona aibu. Karne nyingi baadaye makuhani wakuu wa kike wa mungu Amun huko Thebes walibeba cheo cha Mkono wa Mungu, na walikuwa mabinti wa wafalme. Nikiuficha mkono huo nitakuwa nimeificha na heshima yao.

Februari 24

Siku ya *kheper*.

Neno hili ndilo moyo wa kila kitu. Linaandikwa kwa picha ya mbawakawa, yule anayeviringisha donge la mavi ya ng'ombe, na maana yake ni kuwa, kutokea, kugeuka, kupata umbo. Wamisri walimwona mbawakawa akisukuma donge lake, na watoto wake wakitoka ardhini kana kwamba hawakuzaliwa na yeyote, wakamfanya sura ya jua la asubuhi: Khepri.

Fungu la mafunjo la Bremner-Rhind, lililo British Museum na lililoandikwa mwishoni mwa karne ya 4 KK, lina sehemu ambapo mungu anasema mwenyewe, na kitenzi hiki kinajirudia mpaka msomaji anahisi kizunguzungu. Kwa matamshi ya darasani ni hivi: *kheperi kheper kheperu.* Tafsiri nyingine huhangaika kwa maneno manne tofauti, na mwangwi unakufa.

Nimejaribu *kuwa*: "Nilipokuwa, kuwa kulikuwa." Haieleweki. Nikajaribu *kutokea*, ikawa kama ajali ya barabarani. Kisha, nikiosha vyombo, *umba*. Lakini siyo *umbwa*. Ukisema "niliumbwa", Kiswahili kinauliza papo hapo: na nani? Atum hana wa kumjibia. *Umbika*, hapo sawa. Kitenzi cha *-ika* hakidai mtendaji. Chungu kimevunjika, mlango umefunguka, dunia imeumbika. Na *umba* inazaa *umbo* na *maumbo*, kama *kheper* inavyozaa *kheperu*.

*Nilipoumbika, maumbo yaliumbika. Niliumbika katika umbo la Khepri.*

Sikubadilisha kitu tena. Nilitoka nje nikakaa barazani muda mrefu.

Rekebisho: nimeandika juu "fungu la mafunjo". Hapana. *Fungu* sasa lina kazi moja tu katika mradi huu. Iwe "karatasi ya mafunjo".

Machi 8

Wanane wa Khemenu. Kipande kifupi, na maandishi kamili ya zamani juu yao ni machache, kwa hiyo sitakivuta.

Ni jozi nne zilizokuwamo ndani ya Kilindi kabla ya jua: Nun na Naunet, maji, Heh na Hauhet, kutokuwa na mpaka, Kek na Kauket, giza, Amun na Amaunet, kilichofichika. Waume wana vichwa vya vyura, wake vya nyoka, viumbe wanaoonekana topeni maji yakirudi. Khemenu maana yake ni Mji wa Wanane. Mji ulikufa, lakini idadi haikufa: Wakopti, yaani Wakristo wa Misri, waliuita Shmun, na kijiji cha leo kinaitwa el-Ashmunein. Watu wanaishi ndani ya namba nane na wanalima.

Machi 17

Geb na Nut. Hapa Kiswahili kimenipunguzia mzigo na kuniongezea mwingine.

Kwa watu wengi, anga ni baba na ardhi ni mama. Wamisri walisema kinyume: ardhi, Geb, ni mwanamume aliyelala chali, na mbingu, Nut, ni mwanamke aliyejiinamisha juu yake, vidole vyake vikigusa upande mmoja wa dunia na nyayo upande wa pili. Katikati yao amesimama baba yao Shu, amemwinua binti yake kwa mikono miwili ili pawe na nafasi ya kupumua. Kila jioni Nut hulimeza jua. Usiku jua husafiri ndani ya mwili wake. Alfajiri humzaa upya.

Sarufi yetu haina jike wala dume, kwa hiyo sina ugomvi na "mbingu" wala "nchi". Lakini kwa sababu hiyohiyo msomaji anaweza kupita kurasa mbili bila kujua kwamba mbingu ni mama, iwapo sikumwambia. Nimeamua kumwita *Mama Nut* tangu mstari wa kwanza. Dada anasema limekuwa jina la mwenye mgahawa. Nalipenda hivyo. Wamisri walimchora ndani ya kifuniko cha jeneza, amenyosha mikono, ili maiti akilala amtazame usoni. Aliyekufa anarudi tumboni mwa mama yake, kama jua la magharibi, na kwa tumaini lilelile. Umbali wa namna ya "Bibi Anga" usingefaa.

Aprili 2

Jiwe la Shabaka. Shabaka alikuwa mfalme wa Kushi, nchi iliyo Sudan ya leo, aliyetawala Misri yapata mwaka 700 KK. Jiwe lenyewe linaeleza kwamba mfalme alikuta kazi ya mababu imeliwa na wadudu, akaamuru ichongwe kwenye jiwe jeusi kwa ajili ya hekalu la Ptah huko Memphis. Wapo wataalamu wengi leo wanaoamini kwamba maandishi si ya kale kama yanavyojinadi. Baadaye watu walilitoboa katikati na kulitumia kwa kusagia, na maneno mengi ya katikati yamefutika kabisa. Liko British Museum tangu 1805.

Nimeyapigia mstari mahali palipofutika na kuacha nafasi tupu kwenye ukurasa, upana uleule. Msomaji auone mwanya.

Yaliyobaki ni haya: Ptah aliumba kwa moyo na ulimi. Moyo ukafikiri, ulimi ukaamuru, vitu vikawa. Niliyoyatarajia kuwa magumu yamenyooka yenyewe. Kwa Wamisri moyo ndio unaofikiri, na tafsiri nyingi hulazimika kumweleza msomaji kwamba "moyo" maana yake ni akili. Kiswahili hakihitaji. Sisi husema moyoni, huweka moyoni, humwuliza mtu moyo wake unamwambia nini. *Kilichowazwa na moyo kikatamkwa na ulimi.* Mstari wa chini wa maelezo nimeufuta, haukuwa na kazi.

Aprili 19

Khnum, mwenye kichwa cha kondoo dume, anafinyanga watu kwa udongo. Katika hekalu la Luxor ameonyeshwa akimfinyanga mfalme Amenhotep wa Tatu akiwa mtoto, pamoja na pacha wake wa kiroho, *ka*. Tatizo ni gurudumu lake. Wafinyanzi wengi wa huku kwetu ni wanawake, na hawana gurudumu. Chungu hukaa juu ya kigae na mikono ndiyo inayozunguka, au kigae kinazungushwa kidogo kidogo. Nilishawishika kuandika "kigae". Lakini hiyo ingekuwa kumwondoa Khnum Misri na kumleta sokoni kwetu. Ameachiwa gurudumu lake, na nimeandika *gurudumu la udongo*. *Finyanga*, kwa upande mwingine, hakuna lugha itakayonipa neno bora zaidi.

Mei 4

Kipande cha mwisho, nacho ndicho kilichonifanya nianze yote haya.

Tamko la 1130 katika Maandishi ya Majeneza, lililokutwa kwenye majeneza ya el-Bersha, makaburi ya wakuu wa Khemenu, yapata miaka 4,000 iliyopita. Bwana wa Vyote anayataja matendo yake manne mema: ameumba pepo nne ili kila mtu apumue, ameumba mafuriko makuu ili mnyonge awe na haki nayo kama mkubwa, ameifanya mioyo isiisahau Magharibi, yaani kifo. Na hili lililo katikati:

*Nimemuumba kila mtu kama mwenziwe. Sikuwaamuru watende uovu. Ni mioyo yao iliyolivunja neno langu.*

Neno la Kimisri linatoka kwenye mzizi wa mbili: wa pili wake. *Mwenziwe* imeingia kama mguu kwenye ndara ya zamani. Maandishi haya yalichorwa kwenye majeneza ya matajiri, watu waliokuwa na watumwa na mashamba, na bado yanasema hivyo.

Mstari unaofuata unasema miungu walitoka kwenye jasho lake, na watu kwenye machozi ya jicho lake. Kwa Kimisri *remet* ni watu na *remyt* ni machozi. Nimepata *machozi* na *vizazi*, na mwangwi ni dhaifu. Umebaki hivyo.

Jioni nikampelekea Mjomba mwisho wa tamko. Bwana wa Vyote anasema kwamba baada ya mamilioni ya miaka kati yake na yule Mwenye Moyo Uliochoka, ambaye ni Osiris, mungu wa wafu, watakaa pamoja mahali pamoja. Na kisha: *mafungu yatakuwa miji, na miji itakuwa mafungu.*

Nilikuwa na wasiwasi na neno lenyewe, kwani Kimisri hapa kina neno jingine, si benben. Nikamsomea bila kumweleza. Alinyamaza, akaniomba nirudie. Kisha akaanza kuyataja mafungu ya ujana wake, moja moja kwa majina: pale walipokuwa wakianika nyavu, pale walipolala usiku dau lilipovuja, pale ambapo sasa hata kwa maji ya bamvua hapatoki kitu. Akaonyesha na mahoteli ya ufukweni ambapo yeye alikumbuka mchanga mtupu.

"Huyu aliyeandika alikuwa mvuvi?" akauliza.

Nikamwambia sijui, labda mwandishi wa hekalu. "Basi alikaa na wavuvi," akasema.

*Mafungu* yamepita. "Mwenye Moyo Uliochoka" bado sijaridhika nayo. Kesho naanza na hilo.